Mshale wa Mafuta Usiosema Kweli

Maudhui ya jioni hii ni kile kioo kidogo chenye mshale kinachokaa mbele ya dereva, nacho ni geji ya mafuta. Na hasa nakusudia geji ya gari lile ambalo halikutoka zima katika kiwanda kimoja, bali limeungwa na mafundi wetu wa Eastlands jijini Nairobi, chesisi ikitoka kwa huyu, injini kwa yule, tangi likakunjwa na kuchomelewa na mtu wa tatu, na dashibodi ikanunuliwa mahali pengine kabisa, mpaka likawa gari lenye kutembea, kubeba watu na kulipiwa bima, ila likabaki na aibu moja, kwamba mshale wake wa mafuta hausemi kweli.

Magari ya kuungwa si jambo geni katika nchi yetu, wala si kazi ya watu wa mitaani peke yao. Tangu miaka ya 1970 viwanda vyetu vikubwa vimekuwa vikipokea magari yakiwa vipande ndani ya makasha na kuyaunganisha hapa hapa, kama kile kiwanda kilichoko Thika, na kile cha Nairobi kilichoasisiwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors, nacho tangu mwaka 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Hata matatu kubwa zinazopita Jogoo Road zikiwa zimerembwa kwa rangi na taa, aghalabu hutoka kiwandani zikiwa chesisi, injini na usukani tu, kisha mafundi wa bodi wakazijengea ubavu, paa na viti. Na mwaka 1986 Rais Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, yakazaliwa yale magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer, ambayo hayakufika sokoni, lakini yalitudhihirishia kwamba mikono ya kuyaunda ipo. Mwaka mmoja kabla ya hapo Rais huyo alikuwa amewazuru mafundi wa chuma wa Kamukunji, waliokuwa wakifua mabati juani, akaamuru wajengewe vivuli. Na tangu wakati huo sanaa ya jua kali ikapata hadhi mbele ya serikali ambayo zamani haikuwa nayo.

Ukitoka Kamukunji ukapita Gikomba, ukaendelea mpaka Kariobangi Light Industries, utaona kwa macho yako kwamba hakuna kiungo cha gari kisichopatikana. Kuna injini zilizokatwa pamoja na pua ya gari zima huko Japani, zikaja kwa meli. Kuna milango, vioo, matangi, na dashibodi zenye nyaya zake zikining'inia kama mizizi. Mwenye ari na subira hununua kidogo kidogo, akapata fundi mwaminifu, na baada ya miezi akawa na kipikapu cha kubebea mboga za Wakulima Market, au gari la kumpeleka na kumrudisha Umoja na Kayole. Nami nasema bila kusita kwamba kazi hii ni ya kuheshimiwa, kwa maana fundi anayevipatanisha vitu ambavyo wahandisi wa nchi tatu hawakukusudia vikutane ana elimu, hata kama elimu hiyo hakuipata darasani.

Lakini sasa msikilize mwenye gari siku anapokabidhiwa ufunguo. Huuliza, "Na geji hii, mbona tangi nimejaza na mshale umelala?" Fundi humjibu kwa upole, "Mzee, hiyo usiiangalie. Wewe hesabu kilomita." Na mwenye gari, kwa furaha ya kuona gari lake linaunguruma, hukubali, akaishi miaka kwa kuhesabu kilomita, au kwa kutikisa gari akasikiliza mafuta yanavyopiga ukingo wa tangi, au kwa kutia kijiti mdomoni mwa tangi kila asubuhi. Jawabu hili la "usiiangalie" silikubali, na jioni hii nataka kueleza kwa nini, kisha nieleze namna ya kulitengeneza jambo lenyewe, kwa kuwa dawa yake si ya gharama, ila inataka utulivu.

Kwanza, tuyatazame mafuta yenyewe. Septemba 2023 bei ya petroli hapa Nairobi ilifika shilingi 211 na senti 64 kwa lita, na ingawa bei hupanda na kushuka kila katikati ya mwezi inapotangazwa, mwananchi wa Eastlands hajarudi kuyaona mafuta kuwa ni kitu cha kumwaga. Wengi wetu hatujazi tangi. Tunamwambia mhudumu wa pampu atutilie ya mia tano, au ya elfu moja, na kwa kiasi hicho tunajua tutafika wapi. Sasa, mtu anayejaza tangi lake anaweza kuishi na geji mbovu, kwa sababu ana akiba. Ila mtu anayenunua lita mbili na nusu kwa wakati mmoja ndiye hasa anayehitaji mshale wa kweli, kwa kuwa maisha yake yote ya barabarani hupita katika ile robo ya chini ya kioo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba geji sahihi ni anasa ya matajiri wamelipindua jambo.

Tena liko suala la uaminifu kati ya watu. Gari la biashara aghalabu lina mwenye mali na lina dereva, na jioni dereva huleta hesabu baada ya kutoa gharama ya mafuta. Mshale unaposema uongo, mwenye mali huona tangi li tupu akadhani ameibiwa, ilhali dereva ametia mafuta kwa jasho lake; au dereva huona nusu tangi, akapakia abiria pale Donholm, na gari likamzimikia katikati ya barabara, watu wakashuka wakidai nauli zao. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo ukiwafarikisha watu waliokuwa kama ndugu. Ni ajabu kwamba sheria yetu ya mizani na vipimo, sura ya 513, inaitaka kila pampu ya mafuta ikaguliwe na kupigwa muhuri ili mnunuzi asipunjwe hata nusu lita, kisha mafuta yale yale yakiisha kuingia ndani ya gari tunaridhika tusijue yamebaki kiasi gani.

Na mwenye kupuuza haya yote asipuuze injini yake. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, na pampu hiyo hupozwa na mafuta yenyewe yaliyoizunguka. Ikizoea kufanya kazi tangi likiwa karibu tupu, hupata joto na kufa kabla ya wakati wake. Injini ya dizeli nayo, ikimaliza mafuta, hunyonya hewa ndani ya mirija, na kumimina mafuta mapya hakutoshi kuiamsha mpaka fundi aje aitoe hewa ile, saa ambazo mwenye gari angekuwa kazini.

Sasa tuingie ndani ya tangi. Kinachopima mafuta ni kile mafundi wanachokiita floti: boya jepesi lililo kwenye ncha ya mkono wa waya, na mkono huo ukipanda na kushuka pamoja na mafuta, huburura kidole kidogo cha shaba juu ya utepe wenye ukinzani wa umeme. Ukinzani huo hupimwa kwa omu. Kutoka kwenye floti waya mmoja huenda mpaka geji iliyo kwenye dashibodi, na geji hutafsiri omu kuwa mahali pa mshale. Hakuna zaidi ya hapo. Geji haiyaoni mafuta kamwe. Inaona omu tu, na kuamini inavyoambiwa.

Basi hapa ndipo penye asili ya uongo katika gari la kuungwa, kwa sababu watengenezaji wa dunia hawakuafikiana juu ya omu. Geji nyingi za Kizungu za aina ya VDO hutarajia omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Zile za General Motors ya Marekani hutarajia sifuri kwa tupu na 90 kwa kujaa. Ziko nyingine za Kimarekani zinazouzwa rejareja ambazo zimegeuza mambo, omu 240 kwa tupu na 33 kwa kujaa. Na magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa mitaani kwetu, nayo hufuata njia hiyo ya kugeuza, ukinzani mdogo ukiwa ndio alama ya kujaa. Kwa hiyo fundi akichukua tangi la Toyota pamoja na floti yake, akaliunga na geji ya Kizungu iliyonunuliwa kwa uzuri wa sura yake, mshale utapanda kadiri mafuta yanavyoshuka, na dereva atakuwa na furaha kubwa zaidi wakati anapokaribia kusimama njiani. Kitu hakikuharibika hapo. Ni vyombo viwili vizima, kila kimoja kikisema lugha yake.

Fundi wa waya aliyefunzwa vizuri hakimbilii kununua floti mpya. Huanza na waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye chesisi, kwa sababu floti nyingi hutegemea mwili wa tangi kuwa njia ya kurudi, na tangi la gari la kuungwa aghalabu limepakwa rangi pande zote, au limekalishwa juu ya mpira, au bodi yenyewe ni ya faiba isiyopitisha umeme. Athi mbaya huongeza omu zisizokuwapo. Na natija yake hutegemea aina ya geji. Katika ile ya Kijapani, omu zikiongezeka mshale hushuka, na dereva hudhani ana mafuta machache kuliko aliyo nayo, hasara yake ikawa ni wasiwasi tu. Lakini katika ile ya Kizungu omu zikiongezeka mshale hupanda, na huo ndio uongo wa hatari. Waya mmoja mweusi uliofungwa vyema kutoka kwenye floti mpaka kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi umeyaponya magari mengi ambayo wenyewe walikwisha kukata tamaa.

Athi ikiwa salama, huujaribu waya wa geji. Huuchomoa kwenye floti, akawasha swichi, akautazama mshale. Kisha huugusisha waya huo kwenye chesisi, mbali na mdomo wa tangi kwa sababu ya cheche, akautazama tena. Mshale ukienda mwisho mmoja mara ya kwanza, na mwisho wa pili mara ya pili, geji na waya wake ni wazima, na shaka yote imebaki kwenye floti. Hapa natoa onyo kwa vijana wenye haraka: msiipelekee floti umeme wa betri moja kwa moja eti mwone kama inafanya kazi, maana utepe ule mwembamba huungua mara moja. Na wale wenye magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960, Morris na Austin, ambayo bado yapo machache yakitunzwa kwa mapenzi, wakumbuke kwamba geji nyingi za wakati ule ziliwekewa kifaa cha kuushusha umeme mpaka volti 10. Fundi akikitupa kifaa hicho kwa kukiona hakina kazi, geji itasema mengi kuliko yaliyomo.

Yakiisha hayo ndipo huja kazi ambayo wachache wana subira nayo, nami naihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe. Tangi humalizwa mafuta yote, lakini si kwa kunyonya kwa mdomo, tabia ambayo imewaharibia mapafu watu wengi. Gari huwekwa mahali pa sawa, penye hewa, pasipo jiko wala sigara. Mita ya umeme hufungwa kwenye waya wa floti uliochomolewa, na omu za tangi tupu zikaandikwa. Kisha hutiwa lita 5 zilizopimwa kwa pampu yenye muhuri, zikaandikwa omu. Zikatiwa 5 nyingine, zikaandikwa. Mpaka tangi linajaa. Mababu zetu wa pwani walipouza mtama hawakukisia kwa jicho, walipima kwa kibaba na pishi mbele ya mnunuzi. Na fundi anayemimina lita tano tano mbele ya mwenye gari yumo katika adabu hiyo hiyo. Kwa tangi la lita 45 mistari ni kumi tu, na mistari hiyo ina maarifa kuliko maneno yote ya kubahatisha.

Mistari hiyo itamfunulia kwanza kama mkono wa floti unafaa kina cha tangi. Floti iliyoundwa kwa tangi refu, ikitiwa katika tangi fupi, boya lake hugonga chini mapema, au hugonga dari kabla tangi halijajaa, na hapo dawa ni kuukunja mkono wa waya kidogo kidogo, au kuufupisha, mpaka boya lisafiri kutoka karibu na sakafu mpaka karibu na dari. Pili itamfunulia umbo la tangi. Jambo hili husahauliwa sana. Mafundi wetu wa bati hulikunja tangi lifuate nafasi iliyopo chini ya gari, na mara nyingi likawa limechongoka kuelekea chini. Na tangi lenye ubavu wa umbo la pembe tatu, mafuta yakifika nusu ya kimo chake, kilichomo ni robo tu ya ujazo wake. Boya hujua kimo, halijui ujazo. Mshale utasimama nusu kwa unyofu wote, na dereva ataamini ana nusu.

Ikiwa floti na geji hazipatani kwa omu, lililo bora ni kununua geji na floti zilizokusudiwa kuwa pamoja, na hata katika vibanda vya vipuri vikuukuu mtu anaweza kuzipata jozi zikiwa zimetoka katika gari moja. Kwa hiyo namnasihi kila anayenunua dashibodi aulize floti yake iko wapi. Lakini ipo hila ya kihandisi ya bei ya shilingi chache. Chukua floti ya VDO yenye omu 10 mpaka 180, na geji ya Kimarekani inayotaka sifuri mpaka 90. Ukiunga rezista ya omu 180 sambamba na floti, kutoka kwenye waya wake mpaka athi, zile 180 za kujaa huwa 90 barabara, na zile 10 za tupu huwa tisa na nusu, kiasi kidogo tu juu ya sifuri. Ncha zote mbili zimepatana, na fundi mwenye pupa hufunga boneti hapo akadai ujira wake. Mwenye kupenda kweli huendelea kuhesabu: katikati floti hutoa omu 95, na ikiungwa na ile rezista huwa kama 62, ambazo kwa geji ile ni karibu asilimia 69. Mshale unasema zaidi ya thuluthi mbili, na tangini mna nusu! Basi rezista hiyo itumike, ila mwenye gari aambiwe, na alama za kioo ziandikwe upya kwa mujibu wa lita zilizomiminwa.

Siku hizi viko pia visanduku vidogo vya kielektroniki ambavyo huwekwa kati ya floti na geji, vikafundishwa ile mistari kumi ya lita na omu, navyo hurekebisha umbo la tangi na tofauti ya omu kwa pamoja. Vijana wa vyuo vyetu vya ufundi ambao wamejifunza kuandika programu wanaweza kuviunda kwa vipande vinavyouzwa mjini, na natamani sana kumwona kijana wa namna hiyo akikaa meza moja na fundi mkongwe wa Kariobangi, kwa maana mmoja analo analolikosa mwenziwe. Lakini hata kisanduku hicho hakiwezi kufundishwa pasipo mtu kumimina lita tano tano na kuandika.

Limebaki la tangi lenyewe. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na katika tangi lisilo na kuta za ndani mafuta hupiga huku na huku, mshale ukacheza. Anayechomelea tangi jipya atie kuta mbili za bati zenye matundu kabla ya kulifunga, gharama yake ni kipande cha bati na nusu saa. Ama tangi lililokwisha kuonja petroli lisisogezewe moto kabla ya kuoshwa na kujazwa maji, kwa sababu mvuke uliobaki ndani una nguvu ya kuua.

Na fundi akimaliza, naomba asimkabidhi mteja ufunguo mtupu. Ampe karatasi yenye namba ya gari, tarehe, aina ya floti na geji, na ile mistari ya lita na mahali mshale ulipofika kwa kila moja, pamoja na kiasi kinachobaki tangini mshale unapogusa alama ya tupu, nayo ikunjwe ikae pamoja na stakabadhi ya bima. Na karatasi ya pili ibaki karakana, ili siku tangi likipasuka au floti ikibadilishwa, fundi mwingine aanzie hapo.